Kata Iliyofutwa na Kurudi: Nani Anatunza Maktaba Ndogo za Programu Huria?

Tarehe 2 Agosti 2024, Tangazo la Serikali Na. 673 lilifuta kata zote 11 za Tarafa ya Ngorongoro, pamoja na vijiji 25 na vitongoji 96. Kakesio, kata ya pembezoni kusini-magharibi mwa Hifadhi ya Ngorongoro, upande wa kuelekea Meatu, ilikuwa miongoni mwake. Agosti 18 wananchi wakaanza kuandamana. Agosti 22 Mahakama Kuu jijini Arusha ikasimamisha utekelezaji wa tangazo hilo, na serikali nayo ikawahakikishia wakazi kwamba vijiji vyao vitashiriki uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27. Desemba 1, Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wa jamii ya Wamaasai mjini Arusha, akatangaza kuunda tume mbili: moja ya kuangalia masuala ya ardhi, nyingine ya kuangalia utekelezaji wa zoezi la kuhama kwa hiari.

Mengi yameandikwa kuhusu sakata hilo kwa upande wa ardhi, uhifadhi na haki za watu, na ndivyo lilivyostahili kuandikwa. Hapa nalitazama kwa upande ambao haukuguswa sana. Ndani ya simu, kompyuta na seva za nchi hii mna orodha za mikoa, wilaya, kata na vijiji. Nyingi hazikuandikwa na ofisi yoyote ya serikali. Ziliandikwa na vijana wachache kwa muda wao wa ziada, wakazitoa bure ili kila mtu azitumie. Katikati ya Agosti ile, mtunzaji wa orodha ya namna hiyo alipaswa kufanya nini na neno Kakesio? Swali hilo dogo limebeba karibu kila jambo linalohusu kutunza programu huria ndogo kwa miaka mingi.

Karibu kila fomu ya kidijitali nchini humuuliza mtu mkoa, kisha wilaya, kisha kata, kisha kijiji au mtaa. Anayetengeneza fomu ya chama cha akiba na mikopo, ya duka la mtandaoni au ya mradi wa chanjo ya mifugo hana muda wa kuandika kata karibu elfu nne kwa mkono. Anachukua maktaba, yaani fungu la msimbo lililokwisha kuandikwa na mtu mwingine na kuwekwa wazi kwa leseni inayomruhusu yeyote kulitumia, kulibadili na kuligawa. Mfano mmoja ni mtaa, maktaba ya lugha ya Python iliyotengenezwa na kijana wa Kitanzania: unaitajia mkoa, inakupa wilaya zake, unaitajia wilaya, inakupa kata, na kuendelea hadi chini. Ipo pia kanzidata huria ya maeneo ya Tanzania iliyowekwa wazi na kikundi cha HackEAC. Kazi za aina hii hazina matangazo wala ofisi. Mtumiaji wa mwisho, anayejaza fomu, hajui kwamba zipo. Mara nyingi hata bosi wa kampuni inayozitumia hajui.

Watu wengi hudhani kwamba msimbo ukishaandikwa vizuri, kazi imekwisha. Jembe lililowekwa darini miaka kumi ukilishusha bado ni jembe. Maktaba ya programu iliyoachwa miaka kumi bila kuguswa huwa imeharibika, ingawa hakuna herufi hata moja iliyobadilika ndani yake, kwa sababu vitu viwili vilivyoizunguka vimesogea.

Cha kwanza ni nchi yenyewe. Tazama eneo hilihili. Karatu ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu hadi miaka ya 1990. Mwaka 2002 Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha. Mbulu ikaenda Manyara, Karatu ikabaki Arusha. Mwaka 2012 ikazaliwa mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na Meatu, jirani wa Kakesio, ikatoka Shinyanga kuingia Simiyu bila kilima hata kimoja kuhama. Mwaka 2016 Songwe ikatolewa Mbeya. Maktaba iliyoandikwa kwa uaminifu mkubwa mwaka 2010 ilikuwa tayari inasema uongo miaka miwili baadaye.

Cha pili ni mitambo inayoibeba. Msaada rasmi kwa Python 2 ulikoma Januari 1, 2020, na maktaba zilizoandikwa kwa ajili yake zikalazimika kuandikwa upya au kubaki nyuma. Kuanzia 2023 hadi mwanzoni mwa 2024, GitHub na PyPI, yaani mahali msimbo unapowekwa na mahali vifurushi vya Python vinapochukuliwa, zilianza kuwadai watunzaji uthibitisho wa hatua mbili. Ni hatua njema ya usalama. Lakini mtunzaji aliyebadili simu, akapoteza namba zake za dharura na akawa peke yake mwenye funguo, anaweza kujikuta amefungiwa nje ya kazi yake mwenyewe. Maktaba itaendelea kupakuliwa kila siku na hakuna mtu atakayeweza kuirekebisha.

Turudi kwenye Agosti 2024. Tuseme mtumiaji mmoja amemwandikia mtunzaji: kata hizi 11 zimefutwa kisheria, tafadhali ziondoe. Mtunzaji ana njia tatu, na kila moja ina gharama yake.

Ya kwanza ni kufuta. Ni rahisi, inachukua dakika moja, na ina sura ya utii wa sheria. Lakini maktaba haisomwi na fomu mpya peke yake. Inasomwa na mifumo yenye kumbukumbu za miaka: mtoto aliyezaliwa Kakesio mwaka 2015, mkopo uliotolewa huko mwaka 2021, kadi ya kliniki, dozi za chanjo ya ng'ombe. Ukiondoa kata, kumbukumbu hizo zinabaki zinaelekeza mahali ambapo mfumo haupatambui. Mifumo mingine itatoa taarifa ya hitilafu, na hiyo ndiyo yenye nafuu. Mingine itanyamaza na kuandika nafasi tupu, na miezi sita baadaye mtu atatoa ripoti inayoonyesha kwamba upande ule wa nchi hakuna aliyechanjwa. Kisha siku 20 baada ya tangazo, mahakama inasimamisha utekelezaji, na mtunzaji inabidi arudishe alichofuta. Wakati huo toleo lililofuta limeshasambaa, na wapo ambao hawatasasisha tena mpaka mwaka uishe.

Njia ya pili ni kupuuza tangazo. Wengi wenye huruma na watu wa Ngorongoro wangeipenda, na naielewa huruma hiyo. Bado naiona kuwa njia mbaya kwa maktaba. Mtunzaji akishaanza kuchagua tangazo lipi la serikali aliandike na lipi alikatae, orodha yake inakuwa maoni yake. Leo amekataa tangazo la Ngorongoro kwa sababu njema. Kesho atakataa la mahali pengine kwa sababu ambazo mtumiaji hazijui. Anayetengeneza mfumo wa hospitali anahitaji kujua sheria ilisema nini siku fulani, hata kama sheria yenyewe inapingwa mahakamani.

Ya tatu ni kutofuta kitu kamwe, na kukiandikia kila kitu tarehe. Kakesio inabaki kwenye faili, na mbele ya jina lake kunakuwa na sehemu za ziada: ilianza lini, imekoma lini kama imekoma, kwa tangazo namba ngapi, na hali yake kwa sasa ni ipi. Agosti 2, mtunzaji anaandika kwamba kata imefutwa kwa Tangazo Na. 673. Agosti 22 anaongeza mstari: utekelezaji umesimamishwa na Mahakama Kuu. Hafuti mstari wa kwanza, kwa sababu ulitokea. Maktaba inaweza kuulizwa maswali mawili yanayoonekana kufanana lakini si sawa: kata zilizopo leo ni zipi, na kata zilizowahi kuwapo ni zipi. Fomu ya anwani inauliza la kwanza. Fomu ya mahali pa kuzaliwa inauliza la pili.

Ninaishikilia njia hii bila kusita, na mfano wa wazi wa umuhimu wake uko hapohapo. Tangu Juni 2022 kuna familia zilizohama kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni, mkoani Tanga. Mtu wa familia kama hiyo anaishi Msomera na amezaliwa tarafa ya Ngorongoro. Mfumo wenye orodha moja isiyo na tarehe, siku utakapoondoa mahali alipozaliwa, utamlazimisha aandike uongo ili fomu imkubalie. Atachagua kata ya jirani, au ataandikiwa na karani kile kinachopita. Mambo mengine ya maisha yake hayako mikononi mwa mwandishi wa programu. Hili liko mikononi mwake kabisa.

Mifumo mikubwa ililijua jambo hili zamani. DHIS2, programu huria ya takwimu za afya inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Kenya ilianza kuitumia kitaifa mwaka 2011 na Tanzania ikafuata kwa kazi kubwa ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inakipa kila kituo tarehe ya kufunguliwa na tarehe ya kufungwa. Zahanati ikifungwa, dozi zilizotolewa pale haziondoki kwenye hesabu. Waliotengeneza mfumo huo walifundishwa na vituo vya afya vyenyewe, vinavyofunguliwa, kuunganishwa na kupandishwa hadhi kila mwaka. Maktaba ndogo za maeneo zingeweza kuazima fikra hiyo kwa kazi ya siku chache.

Lakini mwalimu mkubwa zaidi wa kazi hii, kwa maoni yangu, ni kanzidata ya saa za dunia iitwayo tz. Ilianzishwa na Arthur David Olson katika miaka ya 1980, na kwa miaka mingi sasa mratibu wake ni Paul Eggert. Imo ndani ya karibu kila simu na kila seva duniani. Kwa ukubwa wa maandishi ni kitu kidogo: mafaili machache yanayosema kila mahali pametumia saa gani, tangu lini hadi lini. Hayo ndiyo yaleyale ambayo maktaba ya kata ingepaswa kusema.

Afrika Mashariki imeijaribu mara kadhaa. Mapema mwaka 2021 Sudan Kusini ilikuwa imeamua kurudisha saa zake nyuma, kutoka saa tatu mbele ya saa ya kimataifa ya UTC hadi saa mbili, kuanzia Februari 1. Toleo la 2021a lenye mabadiliko hayo lilitoka Januari 24. Ilibaki wiki moja tu kwa kampuni za simu, watengenezaji wa mifumo ya kompyuta na mafundi wa seva kuhakikisha kwamba linafika Juba. Simu ambayo haikulipata iliamkia saa ambayo si ya mji wake. Waliotoa toleo lile hawakuufuta muda wa saa tatu. Waliufunga kwa tarehe, ili miadi ya Desemba 2020 ibaki na saa yake ya kweli.

Ukiifungua sehemu ya Nairobi katika mafaili hayo utakuta jambo ambalo Wakenya wengi hawalijui: kati ya mwaka 1908 na 1942 mji huo ulitumia saa mbili na nusu, ukaenda saa tatu, ukarudi saa mbili na nusu, ukaingia saa mbili na dakika 45, mpaka Agosti 1942 ulipotulia kwenye saa tatu tunazotumia leo. Yote hayo yamehifadhiwa, na yanatunzwa na watu ambao wengi wao hawajawahi kukanyaga Nairobi.

Dar es Salaam ina habari tofauti, na hapa mwalimu wetu naye ana la kuulizwa. Katika kanzidata hiyo, Dar es Salaam siku hizi ni jina linaloelekeza Nairobi. Kanuni ya waratibu ni kuunganisha maeneo ambayo saa zake zimelingana tangu 1970. Historia ya Tanganyika ya kabla ya hapo, ambayo haikuwa sawa na ya Kenya, imewekwa katika faili la pembeni ambalo mifumo mingi hailisomi. Mtafiti anayepanga kumbukumbu za mikutano ya TANU ya miaka ya 1950 kwa saa kamili, akitegemea kompyuta yake ya kawaida, atapewa saa za Nairobi. Uamuzi huo umewaudhi wengi, nami nisingeufanya. Lakini sababu yake naiheshimu: kila mstari unaoongezwa unahitaji mtu wa kuulinda miaka yote ijayo, na watu wa kulinda ni wachache. Mtunzaji anayekubali kila ombi la nyongeza anajiwekea deni ambalo mrithi wake ndiye atakayelilipa.

Kanzidata hiyo ilifundisha na somo la sheria. Septemba 30, 2011 kampuni ya Marekani iitwayo Astrolabe, inayouza programu za unajimu, iliwashtaki Olson na Eggert ikidai kwamba historia za saa zilizomo zilitoka kwenye atlasi ambayo haki zake inazimiliki yenyewe. Siku chache baadaye mafaili yaliondolewa kwenye seva yalikokuwa yanakaa. Kabla ya Oktoba kwisha, IANA, chombo kinachosimamia namba na majina ya intaneti, kilikuwa kimeyapokea. Kesi iliondolewa Februari 2012, na mwezi huohuo ukatolewa waraka wa RFC 6557 unaoeleza mratibu anateuliwa na nani, anaamua vipi, na asipofaa au akiondoka anapatikanaje mwingine. Waraka ule ni mfupi na hauna mbwembwe. Kila maktaba ndogo ya Afrika Mashariki ingefaa iwe na ukurasa mmoja wa namna hiyo.

Somo la Astrolabe linatuhusu moja kwa moja. Orodha ya kata umeitoa wapi? Kama umeinakili kwenye tovuti ya serikali isiyosema lolote kuhusu matumizi, msimbo wako unaweza kuwa huria na data yako ikawa haina leseni. Mwaka 2017 Tanzania ilijitoa katika mpango wa kimataifa wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi, iliokuwa imejiunga nao mwaka 2011. Kwa mtunzaji wa orodha, hasara yake ni ya kila siku: matangazo ya kuanzisha au kufuta maeneo hutoka kwenye Gazeti la Serikali kama kurasa za kusoma kwa macho. Mtu anakaa anachapa upya jina moja moja. Kazi ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 na mfumo wake wa NaPA ilionyesha kwamba serikali ina uwezo wa kujua nchi yake hadi kwenye nyumba. Kilichobaki ni TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa, kutoa, kila linapotoka tangazo, faili dogo lisomekalo na kompyuta, lenye tarehe na namba ya tangazo, na leseni inayoruhusu wazi matumizi. Faili hilo moja lingewapunguzia kazi watunzaji wote nchini.

Kuna tatizo jingine linalomsubiri kila anayegusa data za eneo hili, nalo ni majina. Ngorongoro ni jina la wilaya, la tarafa, la kata, la jimbo, la hifadhi na la kreta. Eyasi ni kata ya Ngorongoro, na ni ziwa ambalo watu wa Karatu nao wanaliita lao. Maktaba inayotambua mahali kwa jina peke yake itavichanganya, na ikishavichanganya hakuna ujanja wa kuvitenganisha baadaye. Kila mahali panahitaji namba yake ya kudumu, ambayo haibadiliki hata jina likibadilika na haigawiwi tena hata mahali pakifutwa. Halafu kuna Mang'ola, wilayani Karatu. Ile alama ya ving'ong'o iliyo katikati huandikwa na simu moja ikiwa imenyooka, na simu nyingine huiandika ikiwa imepinda. Kwa macho yetu ni jina moja. Kwa kompyuta ni majina mawili, na mkulima wa vitunguu wa Mang'ola anaambiwa kata yake haipo. Marekebisho yake ni mistari mitatu ya msimbo. Ila lazima awepo mtu anayejua kwamba kuna Mang'ola.

Zanzibar nayo ina muundo wake, wenye shehia. Maktaba nyingi huilazimisha iingie kwenye kata, na matokeo yake ni orodha ambayo Mzanzibari akiiona haitambui. Huko Kakesio chini ya kata kuna vijiji na vitongoji, hakuna mitaa ya mjini. Maktaba nzuri inakubali kwamba ngazi zinatofautiana toka mahali hadi mahali.

Sasa tuwatazame watu wenyewe, kwa sababu msimbo hauchoki, wanaochoka ni wao. Mwaka wa kwanza wa maktaba ndogo una furaha: kijana ameandika kitu, wenzake wamekisifia, kampuni zimekitumia. Mwaka wa tatu yuko kwenye ajira, ana familia, na kila anapofungua kompyuta jioni anakuta maombi. Kata yetu haipo. Imeharibika kwenye toleo jipya la Python. Kwa nini hujibu? Asilimia kubwa ya wanaoandika hawana nia mbaya. Hawajui tu kwamba upande wa pili yuko mtu mmoja, si idara. Watunzaji wengi hawaagi. Wananyamaza, na ukimya wao huchukua mwaka mzima kugundulika.

Ukimya huo ndio hatari kubwa ya usalama. Mwaka 2022 Lasse Collin, Mfini aliyekuwa akiitunza peke yake maktaba ya kubana mafaili iitwayo XZ, alishinikizwa na watu waliolalamika kwamba kazi inakwenda polepole, ilhali alikuwa ameeleza kwamba hali yake ya afya ya akili imemlemea. Mtu aliyejiita Jia Tan, aliyekuwa ameanza kuchangia mwaka mmoja kabla, akapewa nafasi ya kusaidia. Mapema mwaka 2024 matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yalitoka yakiwa na mlango wa siri. Uligunduliwa na mhandisi Andres Freund, aliyeshangaa kwa nini kuingia kwenye seva kunachelewa kwa takriban nusu sekunde, na akautangaza Machi 29. Nusu sekunde ndiyo iliyoiokoa sehemu kubwa ya intaneti. Ninalolisisitiza kwa vijana wetu ni kwamba uchovu wa mtunzaji mmoja ndio ulioacha nafasi ile. Laiti kampuni kubwa zilizoitumia XZ zingempa Collin mwenzake wa kweli, Jia Tan asingekuwa na pa kuingilia.

Kisa cha left-pad ni kidogo kuliko hicho lakini kinafundisha jambo lilelile. Machi 2016 Azer Koçulu, akiwa na mgogoro na wenye jukwaa la vifurushi la npm, aliziondoa maktaba zake zote. Mojawapo ilikuwa na mistari 11 tu, kazi yake kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Maelfu ya miradi duniani ilikwama kwa saa chache. Hakuna aliyekuwa amejiuliza ile mistari 11 ni ya nani.

Nikiambiwa dawa ni fedha, nakubali nusu. Michango ya hiari husaidia, ila kabla ya kasoro ya Heartbleed kugunduliwa mwaka 2014, OpenSSL, maktaba huria iliyolinda mabenki ya dunia nzima, ilikuwa ikipata dola elfu mbili hivi tu za michango kwa mwaka. Maktaba ya kata za Tanzania haitapata hata hizo. Kinachowezekana zaidi hapa kwetu ni saa za kazi. Kampuni ya mikopo ya Dar es Salaam au Nairobi inayotegemea orodha ya kata inaweza kumruhusu mhandisi wake nusu siku kwa mwezi aitunze, kwa jina lake, mchana, akilipwa. Vyuo vina nafasi kubwa zaidi. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 na kutumika mapema Eldoret, umedumu kwa sababu nyuma yake kulikuwa na Chuo Kikuu cha Moi na washirika wake, si mtu mmoja mwenye kompyuta ya mapajani. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sayansi ya kompyuta Dodoma au Arusha angejifunza mengi zaidi kwa kuitunza maktaba ya miaka mitano, yenye watumiaji wanaolalamika, kuliko kwa kuanzisha mradi mwingine mpya utakaokufa siku ya mahafali.

Kuna hofu kwamba taasisi ikishika, itaua uhuru wa kazi. Hofu hiyo ina msingi. Orodha ya maeneo ikikaa kwa wizara ileile inayofuta maeneo, nani ataandika kwamba mahakama imesimamisha? Ndiyo maana naona serikali ibaki kuwa chanzo cha data na utunzaji ubaki kwa watu wa nje yake, wenye kanuni zilizoandikwa: hatufuti, tunataja namba ya tangazo, tunataja amri ya mahakama, na hatuongezi maoni. Tume mbili zilizotangazwa Desemba 2024 zinahusu ardhi na watu, na uamuzi wowote utakaofuata baada ya kazi yake unaweza kuibadili tena orodha ya kata za Ngorongoro. Mtunzaji mwenye kanuni hatapata tabu. Ataongeza mstari mwingine wenye tarehe.

Matoleo nayo yangetajwa kwa mwaka, kama tz inavyofanya, ili mtu akiona 2019 kwenye mfumo wake ajue mara moja kwamba anasoma nchi ya miaka iliyopita. Na funguo za kutolea matoleo zisikae kwa mtu mmoja. Mrithi hatafutwi siku mtunzaji anapochoka; anakaribishwa mapema, anapewa kazi ndogo, anaangaliwa mwaka mzima, kisha anapewa funguo. Kuthibitisha kwamba amerithi kweli ni rahisi: mtunzaji wa kwanza akae wiki nzima bila kujibu lolote, na wa pili atoe toleo jipya peke yake, kuanzia kusoma Gazeti la Serikali hadi kifurushi kufika kwa watumiaji. Atakapokwama, kilichomkwamisha kiandikwe siku hiyohiyo kwenye faili la maelekezo, na zoezi lirudiwe mwezi unaofuata na mtu wa tatu.